Nyumba Iliyokwisha, Pagale au Kiwanja? Ulinganisho kwa Anayenunua Mara ya Kwanza Mtwara

Anayetafuta nyumba ya kununua kwa mara ya kwanza katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani hutajiwa vitu vitatu ambavyo madalali huvitamka kwa pumzi moja, kana kwamba ni bidhaa ileile yenye bei tofauti: nyumba iliyokwisha, pagale (nyumba iliyoachwa kabla ya kukwisha), na kiwanja kitupu. Mimi na mke wangu tulitumia miezi 14 kuvizunguka vyote vitatu, kuanzia Chuno hadi Mangamba na kurudi Mikindani, tukiwa na uwezo wa shilingi milioni 45 uliotokana na akiba, mgawo wa kikundi na mkopo mdogo. Tuliona nyumba 9 zilizokwisha, mapagale 11, na viwanja ambavyo idadi yake nimeisahau. Ninachokiandika hapa ni ulinganisho ambao tungependa tuwe tumepewa siku ya kwanza, kwa kuwa sisi tulianza kwa kulinganisha bei zinazotajwa, na bei inayotajwa ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote. Kipimo kilichotufaa baadaye kilikuwa kiasi kitakachokuwa kimetutoka hadi usiku wa kwanza tutakapolala ndani, pamoja na muda utakaopita kabla ya usiku huo.

Nyumba iliyokwisha

Faida yake haihitaji maelezo mengi. Unahamia, kodi ya kupanga inakoma mwezi uleule, na vitu vingi unavyonunua viko mbele ya macho yako: utafungua bomba uone kama maji yanatoka, utawasha taa, utasimama sebuleni saa nane mchana upime joto. Hata kodi ya jengo utaiona ikikatwa kidogo kidogo unaponunua umeme wa LUKU.

Tatizo ni kwamba nyumba iliyokwisha ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoweza kujipaka rangi. Nyumba ya tatu tuliyoonyeshwa, isiyo mbali na ufuko, ilikuwa bado inanuka rangi tulipoingia. Fundi mwashi tuliyekwenda naye hakuangalia dari wala vigae. Alisogeza kabati lililokuwa limeegemezwa ukutani, akapitisha kidole kwenye plasta kiasi cha sentimita 30 juu ya sakafu, akalamba. "Chumvi," akasema, akanionyesha unga mweupe uliobaki kidoleni. Aliyejenga alikuwa ametumia mchanga wa pwani ili kuokoa gharama ya lori. Mchanga wa aina hiyo huvuta unyevu kila msimu, huisukuma plasta ikabanduka, na vibaya zaidi huozesha nondo zilizomo ndani ya linta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) na nguzo, mahali ambapo hakuna rangi wala vigae vitakavyosaidia. Nyumba ile ilikuwa nzuri kuliko zote tulizoziona, na ndiyo iliyotufundisha kwamba katika mji wa pwani fundi hutangulia na moyo hufuata.

Vitu vingine viwili hudanganya kwa namna hiyohiyo. Bati lililo jirani na bahari huliwa na upepo wa chumvi kuanzia kwenye misumari, kwa hiyo michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye matundu ya misumari ni habari muhimu kuliko rangi ya bati lenyewe. Na dari ya jipsamu yenye madoa ya rangi ya chai inakueleza kwamba paa linavuja, hata kama muuzaji anakueleza kwamba ni paka waliomwaga kitu. (Tuliambiwa hivyo, kwa uso mkavu kabisa.) Mvua zetu za kusini hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo anayekagua nyumba Septemba anakagua nusu yake tu. Kama huwezi kusubiri, waulize majirani maji hupita wapi Februari, na uwaulize bila dalali kuwapo.

Nyumba tuliyofika nayo mbali zaidi ilikuwa ya vyumba vitatu, imetajwa kwa milioni 68 na tukaishusha hadi 62. Tulikwisha kuwaambia wazazi. Upekuzi rasmi wa ardhi ulipotoka ulionyesha kwamba hati ile ilikuwa imewekwa rehani na deni halijalipwa, jambo ambalo muuzaji hakuwa amelitaja hata mara moja katika vikao vinne. Nitarudi kwenye upekuzi huo baadaye.

Pagale

Hapa ndipo penye utajiri wa mambo, na ndipo mnunuzi mwenye kipato cha kati hapa kwetu atakapojikuta akizunguka zaidi. Pagale ni nyumba iliyosimama njiani, mara nyingi kwenye linta, wakati mwingine ikiwa imepauliwa lakini haina milango wala sakafu. Mtwara ina mapagale mengi kwa sababu inayoeleweka. Mji huu umeahidiwa utajiri mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya mwisho ya 1940, wakati mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ulipoleta bandari na reli ya kwenda Nachingwea, kisha mpango wenyewe ukafa mwaka 1951. Mara ya pili ilikuwa ya gesi, ambayo ingawa iligunduliwa Mnazi Bay tangu 1982, ilipandisha bei za ardhi hasa miaka ya mwanzo ya 2010, watu walipojenga wakitegemea wapangaji wenye mishahara ya kampuni. Bomba lilikwenda Dar es Salaam na wapangaji wengi waliotarajiwa hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Mapagale kadhaa kati ya yale 11 tuliyoonyeshwa yalianzwa miaka hiyo, na unaponunua pagale la namna hiyo unanunua kuta zilizokaa bila kofia kwa miaka kumi hivi ya mvua na hewa ya chumvi.

Kwa hiyo umri wa pagale ni swali la kwanza, kabla ya bei. Pagale moja lilikuwa na mtopetope ulioota katikati ya sebule, umekwisha kupita urefu wa linta, na mizizi yake ilikuwa imeunyanyua msingi upande mmoja kiasi cha kuingiza kiganja. Jingine lilikuwa limeachwa na nondo zimechomoza juu ya nguzo, na tulipozigusa zilibanduka maganda mekundu kama ganda la muhogo. Nondo iliyofika hapo haifai kuungwa. Hukatwa, na linta huvunjwa. Hiyo ni kazi ambayo muuzaji haihesabu, lakini fundi wako ataihesabu.

Swali la pili ni tofali. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hutoa takribani matofali 30 hadi 35 ya inchi 6 yaliyo imara, na mfyatuaji mwenye tamaa hutoa 45 au zaidi. Huwezi kumuuliza mtu aliyefyatua miaka kumi iliyopita, lakini tofali lenyewe linajibu. Kwaruza kwa ufunguo kwenye kona ya ndani ya chumba: likitoa mstari tu, endelea na ukaguzi, likitiririsha mchanga kama sukari, tafuta kwingine. Fundi wetu huokota tofali lililobaki kwenye rundo, akalinyanyua hadi usawa wa kifua na kuliachia lianguke ardhini. Lililo zuri huvunjika vipande viwili au vitatu, na bovu huwa unga. Ni ajabu kwamba katika mji ambao saruji inatengenezwa Msijute, kilomita chache tu kutoka mjini, tulikuta matofali ya kuvunjika mkononi.

Swali la tatu ni la ramani, nalo ni la kimya zaidi. Pagale ni ndoto ya mtu mwingine iliyokwishapangwa vyumba. Choo kipo alipokitaka yeye, jiko linapokea upepo wa magharibi au halipokei, na chumba kikubwa kimeelekezwa barabarani. Kuvunja ukuta mmoja ni jambo dogo, lakini kuhamisha choo kunabadilisha mashimo ya maji taka, chemba na mteremko wa mabomba. Ukiona unahitaji kuhamisha zaidi ya kimoja, hujapata pagale bali umepata kiwanja chenye vifusi. Uliza pia kibali cha ujenzi cha halmashauri, kwa sababu asiye nacho atakuachia wewe kazi ya kukieleza.

Sasa hesabu, kama ilivyokuwa kwenye daftari letu, kwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja kilichopimwa cha mita 20 kwa 25. Bei hizi ni za mafundi na maduka tuliyoyafikia sisi, na zako zitatofautiana.

Pagale lilitajwa kwa milioni 22 likiwa limefika linta. Kupaua kungegharimu milioni 8.5, milango na madirisha yenye nondo na nyavu milioni 5, plasta na sakafu ya kawaida milioni 4, umeme na maji milioni 2.5, choo na mashimo milioni 2. Jumla ya kumalizia ni milioni 22, yaani sawasawa na bei ya pagale. Ukiongeza kodi ya kupanga ya 200,000 kwa miezi 10 ya ujenzi, tunalala ndani kwa milioni 46.

Kiwanja cha ukubwa uleule, mtaa uleule, kilikuwa milioni 5. Msingi na kuta hadi linta fundi alivikadiria kwa milioni 17. Kisha kumalizia ni zile 22 zilezile. Hapo ni milioni 44, na kwa kasi ya mifuko yetu tungechukua miezi 30, ambayo kodi yake ni milioni 6. Tunalala ndani kwa milioni 50.

Nyumba iliyokwisha tungelala ndani kwa milioni 62, bila kuhesabu gharama za uhamisho, mwezi uleule.

Tazama milioni 22 za pagale: ni kiwanja cha 5 na kuta za 17. Muuzaji alikuwa hajatupunguzia hata senti; alikuwa anatuuzia muda, na anatuuzia kuta zilizochakaa kwa bei ya kuta mpya. Tangu siku tulipoiandika hesabu hiyo, hatukujadiliana tena na muuzaji yeyote wa pagale kwa kuanzia kwenye bei yake. Tulianza na bei ya kiwanja, tukaongeza gharama ya leo ya kuta zile, kisha tukaondoa uchakavu na marekebisho mbele yake, fundi akiwa anataja kimoja kimoja. Pagale tulilolinunua hatimaye, upande wa Mangamba, lilishuka kutoka 22 hadi 19 kwa njia hiyo. Kama pagale haliwezi kushuka chini ya jumla ya kiwanja na kuta, na wewe huna haraka ya kuhama, kiwanja kinalishinda.

Kiwanja

Kiwanja kina mambo machache lakini makali. Faida yake ni kwamba hakuna kilichofichwa ndani ya ukuta, kwa kuwa ukuta haupo, na unajenga kwa mwendo wa mfuko wako. Lakini hati ya kiwanja huja na masharti ya kuendeleza, kwa kawaida ndani ya miezi 36, na kiwanja kinachobaki pori kwa miaka huwaalika wavamizi, wachunga mbuzi na wauzaji wa pili.

Kagua bikoni nne, yaani alama za mipaka zilizowekwa na mpimaji kwenye kona, kwa miguu yako, ukiwa na ramani ya upimaji mkononi na mpimaji pembeni. Usitegemee maneno ya "kuanzia mkorosho ule hadi njia ya watoto wa shule", kwa maana mkorosho hukatwa na watoto hubadilisha njia. Na kuhusu mikorosho na minazi yenyewe, kando ya mji bado utakuta ardhi ni ya mmoja na miti ni ya mwingine, aliyeipanda au aliyeirithi. Mzee mmoja alitueleza hivyo taratibu huku akiokota korosho chini ya mti: "Wajukuu zangu, kiwanja mmeuziwa. Hii miti hajawauzia mtu." Alikuwa na haki, na dalali wetu aliangalia pembeni.

Kuna mistari mitatu isiyoonekana ambayo huifuta thamani ya kiwanja. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufuko wa bahari na kingo za mito, kwa hiyo kile kiwanja chenye mandhari ya kupendeza huenda ni cha kutazamia tu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kuanzia katikati, na wapo waliouziwa ndani ya tofauti hiyo. Na njia ya bomba la gesi linalotoka Madimba ina ukanda wake usiojengwa. Maofisa wa ardhi wa manispaa huionyesha mistari hii kwenye ramani kwa dakika chache, na hizo ndizo dakika zenye faida kubwa kuliko zote katika safari nzima.

Karatasi, ambazo ni zilezile kwa vyote vitatu

Kwa sheria zetu ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kinachouzwa ni haki ya kuitumia: hatimiliki ya muda maalumu, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, au leseni ya makazi ya muda mfupi, au haki ya kimila. Hizi hazilingani. Pagale lenye hati na pagale lenye karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa ni vitu viwili tofauti hata kama vimetenganishwa na uchochoro tu. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mwenyekiti anawafahamu mliosimama mbele yake. Hauthibitishi kwamba hakuna rehani, zuio la mahakama, wala muuzaji mwingine. Na ile "asilimia kumi ya mtaa" unayoombwa siku ya kutia saini haimo katika sheria yoyote, ingawa huombwa kwa utulivu wa mtu anayeomba maji ya kunywa.

Kinachothibitisha ni upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, ambao gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na hasara inayoweza kuepukwa. Ule uliotuokoa kwenye nyumba ya milioni 62 ulitugharimu chini ya bei ya mfuko wa mchele. Ufanye kabla ya kutoa hata shilingi ya "kushikilia", na uurudie siku chache kabla ya malipo ya mwisho.

Baada ya upekuzi, tazama watu. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, na Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria hiyo tuliiona ikiwa hai Magomeni ya hapahapa Mtwara. Mwenye nyumba alikuwa ametuketisha barazani, bei imekaribia kukubalika, mke wake akatoka na sinia la chai akasema kwa bashasha, "Karibuni sana. Wageni wetu mmetokea wapi?" Mume akasema sisi ni watu wa kazini kwake. Tulikunywa chai, tukashukuru, hatukurudi.

Nyumba za urithi zina tabu yake, na Mikindani ndiko zilikojaa. Nyumba kongwe za mawe za mji ule zina kuta nene zenye ubaridi ambao hakuna tofali la saruji litakaloufikia, na bei zake wakati mwingine huonekana kama zimekosewa. Hazijakosewa. Bei ni ndogo kwa sababu wenye haki ni wengi, baadhi yao wako Unguja, Dar es Salaam au Msumbiji, na anayekuonyesha nyumba ni yule tu anayeishi karibu na ufunguo. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye barua yake mkononi, na hata yeye ni busara kumtaka alete warithi watie saini. Kama barua hiyo haipo, usilinganishe nyumba hiyo na nyingine yoyote. Haijafika sokoni bado.

Kodi za uhamisho huwashtua wanunuzi wengi wapya. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani na kwa desturi humwangukia mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji. Andikeni kwenye mkataba nani analipa nini, pamoja na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa muuzaji wa pagale lililolala miaka kumi huenda hajailipa miaka yote kumi.

Fedha zinabadilisha jibu

Benki itakupa mkopo wa nyumba kwa nyumba iliyokwisha yenye hati safi, na kwa mapagale yasiyopimwa haitakupa. Hilo peke yake huwafanya wengi waone nyumba iliyokwisha kuwa ndiyo rahisi. Lakini tufuate pengo letu la milioni 17, yaani 62 kutoa 45. Kwa mfano wa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15, malipo ya kila mwezi ni karibu shilingi 250,000, ambayo haiko mbali na kodi tuliyokuwa tukilipa. Inavutia, hadi utakapozidisha kwa miezi 180 ukapata milioni 45. Milioni 17 zimekuwa 45. Mwenye mshahara unaopanda na familia inayohitaji paa sasa hivi anaweza kuikubali hesabu hiyo akiwa na akili timamu, sisi hatukuikubali.

Pagale na kiwanja hujengwa kwa fedha za vipande: mkopo wa mshahara, SACCOS, zamu ya kikundi, posho ya safari. Hazina riba ya miaka 15, lakini zina hatari yake. Mtumishi hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na aliyekopa hadi mpaka huo kwa ajili ya kuta atasimama hapohapo kwenye linta, akisubiri deni liishe ndipo apaue. Nashuku kwamba mapagale mengine tuliyoyaona yalizaliwa hivyo. Kwa hiyo usilipe kuta kwa mkopo wote. Acha sehemu ya mkopo kwa ajili ya bati, kwa sababu nyumba iliyopauliwa hata bila plasta inaweza kukaliwa chumba kimoja, na isiyopauliwa haikaliwi hata kidogo.

Na Lindi je?

Tulikwenda Lindi mara tatu, kiasi cha kilomita mia moja na kitu kwa barabara, kwa kuwa mke wangu angeweza kuhamishiwa huko. Lindi ni mji mdogo na mkongwe kuliko Mtwara, ulikuwa makao makuu ya Jimbo la Kusini kabla ya Mtwara, na maeneo yake ya juu kama Mtanda yana hewa nzuri. Tofauti kubwa tuliyoiona ni ya ardhi yenyewe: mji wa chini umebanwa kati ya vilima na bahari, kwa hiyo swali la maji ya mvua linauma zaidi kuliko Mtwara iliyo tambarare, na wazee bado wanakitaja kimbunga cha Aprili 1952 kilichoupiga mji ule. Paa la Lindi lifungwe kwa kuzingatia hilo. Bei za upande wa Likong'o nazo zimebeba matarajio ya mradi wa kusindika gesi, na mtu aliyeona mapagale ya Mtwara hatakuwa na haraka ya kulipia matarajio. Kama kazi yako iko Lindi, nunua Lindi. Kama haiko huko, sikuona sababu ya kulinganisha kwa muda mrefu.

Jambo la mwisho ni majira. Hapa kwetu bei ya nyumba hufuata korosho kwa karibu kuliko inavyofuata benki. Minada ikifunguliwa Oktoba na fedha zikaingia vijijini, wauzaji hukaza, mafundi huadimika, na hata mchanga hupanda bei. Kufikia Mei na Juni mambo hugeuka: akiba imeisha, ada za shule zimepita, na mikorosho inahitaji palizi na salfa. Muuzaji wa pagale letu alitukatalia milioni 19 mwezi Desemba kwa kicheko. Juni alipiga simu mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, akauliza kama bado tunaye yule fundi mwenye maneno mengi.